Jinsi ya kuchagua kiongozi wa wachache na kiranja kwenye PG bila kurudishwa na Spika wala korti

Maswali haya hayaishi. Uchaguzi mkuu ukipita, au kiongozi wa wachache akiteuliwa waziri, au chama kikimchoka mtu wake, watu wanauliza yaleyale: nani hasa anapiga kura, kiongozi wa chama anaweza kutaja jina tu mambo yaishe, barua inaandikwa na nani, na mtu akikataa kutoka anatolewa aje. Wengi wanaouliza ni vijana wa sekretarieti walioambiwa leo jioni wapange mkutano wa kesho asubuhi, au wasaidizi wa wabunge wapya ambao bosi wao anataka kiti na hajui pa kuanzia. Nimeweka kila kitu hapa, na kwa vile Agosti 10, 2027 haiko mbali, afadhali usome sasa kuliko usome usiku wa kuamkia PG, yaani mkutano wa wabunge wa chama au muungano.

Naongea kuhusu Bunge la Kitaifa la Kenya. Seneti ina kanuni zake, mambo yanafanana sana lakini usichukue namba za kanuni za huku ukazipeleka kule. Watanzania na Waganda, yenu iko karibu na mwisho, ila msiruke hatua za katikati.

Sheria kidogo tu

Kifungu cha 108 cha Katiba kinasema kutakuwa na kiongozi wa walio wengi na kiongozi wa walio wachache, na huyu wa pili ni yule anayeongoza bungeni chama au muungano wa pili kwa ukubwa. Anapatikana vipi, hiyo iko kwenye Kanuni ya Kudumu ya 20: wabunge wa upande huo wanachagua kiongozi, naibu wake, kiranja na naibu kiranja. Viti 4. Wakichagua lazima wazingatie mkataba wa muungano kama upo. Kumtoa mtu kunataka wingi wa kura za wabunge wote wa upande huo. Na uamuzi wowote, uwe wa kuweka au wa kutoa, unapelekwa kwa Spika kwa maandishi pamoja na minitsi za mkutano ulioamua. Sheria ni hiyo, imebaki kazi.

Na usivichukulie hivi viti kama vyeo vya kupewa gari. Kiongozi wa wachache anakaa kwenye Kamati ya Shughuli za Bunge, ile inayopanga ni hoja gani ije ukumbini wiki hii na ipi ingoje. Kiranja ndiye anapeleka majina ya wabunge wenu kwenye kamati, na ndiye anaandika barua ya kumwondoa mbunge kamatini. Kamati ya Hesabu za Umma, PAC, inayosoma ripoti za Mkaguzi Mkuu na kuwaita makatibu wa wizara waeleze pesa ilienda wapi, mwenyekiti wake anatoka upande wa wachache: Opiyo Wandayi aliishika bunge la 12, John Mbadi akaanza nayo bunge la 13. Sasa fikiria kiranja aliyewekwa na mtu mmoja kwenye chumba cha hoteli, siku huyo mtu akitaka PAC inyamaze atamkatalia na nini? Mbunge aliyechaguliwa na wenzake ana mgongo. Ndiyo maana nasisitiza kura ipigwe kweli, hata kama kila mtu anajua nani atashinda.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Orodha ya wabunge wenu walioapishwa, jina, eneo bunge au kaunti, na chama kilichowapeleka bungeni
- Katiba ya chama na kanuni zake za uchaguzi, nakala iliyo kwa Msajili wa Vyama, si ile ya Word iliyo kwa laptopu ya mtu
- Mkataba wa muungano, pia nakala iliyopokelewa na Msajili
- Kanuni za Kudumu, toleo la karibuni
- Rejista ya mahudhurio, kitabu kilichoshonwa, usitumie makaratasi yaliyolegea
- Karatasi za kura zenye muhuri, sanduku, kalamu za rangi moja
- Msimamizi wa kura ambaye hagombei chochote siku hiyo
- Watu 2 wa kuandika minitsi, kwa sababu mmoja ataitwa nje kupokea simu wakati muhimu kabisa, hiyo lazima itokee

Hatua ya 1: Hakikisha nyinyi ni nani na mko wangapi

Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 walioteuliwa. Weka kila jina lenu chini ya chama kilichompeleka bungeni, usiweke chama anachokishangilia siku hizi kwenye mikutano ya hadhara. Mbunge huru usimhesabu mpaka uwe na karatasi inayoonyesha ameungana nanyi.

Unaweza kuona hii ni kazi ya dakika 10 lakini hapa ndipo mambo huanza kuharibika. Oktoba 2022 ilibidi Spika Moses Wetang'ula aamue nani ni wengi na nani ni wachache, kwa sababu wabunge 14 wa vyama vilivyoingia uchaguzi chini ya muungano wa Azimio walikuwa wamehamia muungano wa Kenya Kwanza ulio serikalini. Akawahesabu upande wa Kenya Kwanza, ikawa 179 kwa 157. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema alikosea, na siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine ukumbini akashikilia kwamba Kenya Kwanza ndio wengi. Yaani miaka 2 na zaidi watu wanabishana juu ya orodha. Kwa hivyo orodha yako isainiwe na katibu mkuu wa kila chama kilicho ndani ya muungano kabla hujaita mkutano wowote.

Hatua ya 2: Soma mkataba wa muungano mwenyewe, mstari kwa mstari

Usiambiwe, soma. Unatafuta vitu vinne: chama gani kimeahidiwa kiti gani, nani ana mamlaka ya kuita PG ya pamoja, kiti kikibaki wazi kinajazwa na nani, na mkigombana mnaenda wapi kwanza. Kama mkataba umesema unaibu kiranja ni wa chama fulani, basi wagombea wa kiti hicho wanatoka chama hicho, hata kama kina wabunge wachache na wengine wananung'unika.

Hapa ndipo Azimio ilipokwama 2023. Walitaka kumtoa Sabina Chege wa Jubilee kwenye unaibu kiranja wampe Mark Mwenje, naye pia wa Jubilee. Shida ni kwamba Jubilee yenyewe ilikuwa imepasuka vipande viwili, kila kipande kinadai ndicho chama. Suala likaingia kortini, na ukumbini kukazuka vurugu juu ya nani akalie kile kiti. Kama chama mshirika kina mgogoro wa ndani, ujue kabisa kiti chake hakitajazwa kwa amani mpaka ijulikane kwa Msajili maafisa halali wa hicho chama ni akina nani. Angalia hilo mapema.

Hatua ya 3: Toa notisi ya maandishi

Notisi iseme siku, saa, mahali, na ajenda itaje wazi: uchaguzi wa kiongozi wa wachache, naibu, kiranja na naibu kiranja. Usifiche uchaguzi chini ya "mengineyo". Mbunge aliyekosa mkutano akienda korti akaonyesha ajenda haikutaja uchaguzi, mmeisha.

Siku ngapi? Angalia katiba ya chama. Kama haisemi, mimi nashauri siku 7 kwa uchaguzi wa mwanzo wa bunge na saa 48 ikiwa kuna haraka ya kweli. Tuma kwa barua pepe, tuma kwa grupu ya WhatsApp ya PG, na peleka nakala ofisini kwa kila mheshimiwa msaidizi wake asaini kupokea. Ile grupu peke yake haitoshi, kuna wabunge wametoka grupu kwa hasira tangu mchujo wa chama na hakuna aliyegundua.

Hatua ya 4: Pokea majina ya wagombea kwa fomu

Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: jina la mgombea, kiti, aliyempendekeza, aliyemuunga mkono, na sahihi ya mgombea kwamba amekubali. Weka saa ya mwisho na uiheshimu, ukimwongezea mmoja dakika 20 umeshaharibu.

Sasa lile swali kubwa. Je, kiongozi wa chama anaweza kuja na majina yake mfukoni? Anaweza kupendekeza, na ukweli ni kwamba Kenya mara nyingi mambo huenda hivyo, wakuu wanakaa, wanagawana kwa maeneo na kwa vyama, halafu PG inaambiwa. Lakini mara nyingi kiongozi wa chama hata si mbunge, na kama si mbunge hana kura pale ndani. Majina yake yawekwe mbele ya wabunge, yapendekezwe na mbunge, yaungwe mkono na mbunge, na waulizwe wanakubali au la. Hata kama ni mgombea mmoja tu hajapingwa, andika kwenye minitsi kwamba muda wa kupendekeza ulitolewa, hakuna jina lingine lililokuja, na wajumbe wakathibitisha. Hiyo ndiyo tofauti ya uchaguzi na tangazo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, linda rejista

Rejista iwe na safu hizi: namba, jina, eneo bunge au kaunti, chama, saa aliyoingia, sahihi. Weka meza mlangoni na mtu mmoja tu wa kushika kile kitabu, kisizunguke ukumbini. Kikizunguka, rafiki atamsainia rafiki aliye njiani kutoka uwanja wa ndege, na siku ya kesi wakili atakuja na tiketi ya ndege inayoonyesha mheshimiwa alikuwa Kisumu saa ileile "aliposaini" Nairobi. Sahihi moja ya uongo inatosha kutilia shaka zingine zote 80.

Wakati wa kuanza, mwenyekiti atangaze idadi kwa sauti: waliopo ni wangapi, orodha kamili ni ya wangapi, koramu ya chama, yaani idadi ya chini inayotakiwa, ni ngapi, imetimia. Kisha mstari unapigwa kwenye rejista chini ya jina la mwisho na mwenyekiti anasaini hapo. Anayekuja baada ya mstari anaandikwa chini yake, na kama kanuni zenu zinaruhusu waliochelewa kupiga kura basi anapiga, kama haziruhusu anakaa kama mtazamaji. Amueni hilo kabla mtu hajachelewa, kwa sababu akishachelewa kila mtu ataangalia ni wa kambi gani ndio aseme kanuni ni ipi.

Ukitaka kujua kwa nini nakazia rejista namna hii, kumbuka Mei 2020 Jubilee ilipomtoa Kipchumba Murkomen kwenye uongozi wa wengi Seneti ikamweka Samuel Poghisio wa KANU. Ule ulikuwa upande wa wengi lakini somo ni lilelile, ubishi ulikuwa juu ya nani alikuwepo kwenye mkutano wa Ikulu na ni maseneta wangapi waliokubali.

Hatua ya 6: Pigeni kura

Kanuni za Kudumu hazikwambii iwe kura ya siri au ya kuinua mikono, hilo ni la kanuni za chama na muungano. Kama ziko kimya, PG yenyewe iamue kwanza na uamuzi uandikwe. Mimi nashauri siri, hasa kwa ukiranja, kwa sababu kiranja ndiye atawagawia kamati kesho na hakuna mbunge wa awamu ya kwanza atakayeinua mkono dhidi yake mbele ya macho yake.

Kura ya siri iende hivi:

a) Karatasi moja kwa kila kiti, rangi tofauti kama mnaweza. Majina kwa alfabeti. Muhuri nyuma.
b) Sanduku lionyeshwe wazi likiwa tupu, kila wakala wa mgombea aangalie ndani.
c) Mheshimiwa anaitwa kwa jina kutoka kwenye rejista, anapewa karatasi, anaenda pembeni, anaweka alama, anatumbukiza.
d) Simu zibaki kwa meza. Hapa usione haya hata kama ni mzee wa chama. Anayetaka kupiga picha ya karatasi yake mara nyingi ana mtu nje anayesubiri hiyo picha.
e) Hesabu karatasi zote kwanza kabla ya kusoma hata jina moja. Zikiwa nyingi kuliko walioitwa, simamisha hapo hapo, rudieni.
f) Soma kila karatasi kwa sauti, ionyeshe, iweke kwenye fungu lake.

Kabla kura ya kwanza haijapigwa, amueni mshindi ni anayepata nyingi tu au lazima apite nusu. Wagombea wakiwa watatu au zaidi nashauri wapite nusu, mwenye kura chache zaidi anatoka mnarudia. Inachukua muda lakini inampa mshindi nguvu. Conservative wa Uingereza hufanya hivyo wabunge wao wanapochuja wagombea wa uongozi, na Oktoba 2024 wakiwa upinzani ilionekana vizuri sana: raundi ya tatu James Cleverly aliongoza kwa kura 39, kesho yake raundi ya nne akapata 37, Kemi Badenoch 42 na Robert Jenrick 41, Cleverly akatoka. Wale wawili wakapelekwa kwa wanachama na Badenoch akashinda. Kwa hivyo kama mgombea wako anaongoza raundi ya kwanza mwambie asianze kupokea simu za pongezi, arudi kwa wapiga kura wake mmoja mmoja.

Hatua ya 7: Andika minitsi zinazoweza kusimama peke yake

Fikiria anayezisoma ni jaji ambaye hakuwepo na hamjui yeyote kati yenu. Sehemu ya uchaguzi iandikwe namna hii:

"Mwenyekiti alithibitisha kwamba wabunge 112 kati ya 157 walikuwepo na koramu ilikuwa imetimia. Kwa kiti cha kiranja, Mhe. A alipendekezwa na Mhe. B na kuungwa mkono na Mhe. C. Mhe. D alipendekezwa na Mhe. E na kuungwa mkono na Mhe. F. Kura za siri zilipigwa. Karatasi zilizotumbukizwa ni 112, zilizoharibika 2. Mhe. A alipata 64, Mhe. D alipata 46. Mwenyekiti alimtangaza Mhe. A kuwa amechaguliwa kiranja wa wachache."

Umeona 64 na 46 na 2 zinafika 112? Hakikisha zako pia zinafika. Nimesoma minitsi nyingi ambazo kura ni nyingi kuliko watu, na si wizi, ni uchovu wa saa 3 usiku. Zisainiwe na mwenyekiti na mwandishi siku hiyohiyo, kila ukurasa uwekwe herufi za majina yao, rejista iambatanishwe.

Hatua ya 8: Barua kwa Spika

Kanuni inasema kiranja ndiye anamjulisha Spika, na afanye hivyo mara moja. Kama ni mwanzo wa bunge na hakukuwa na kiranja, yule mliyemchagua pale ndiye anasaini, na katibu mkuu wa chama au muungano aambatanishe barua yake ya kuthibitisha. Lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara, kwa hivyo Kiswahili hakina shida. Fupi inatosha:

"Mheshimiwa Spika, kwa mujibu wa Kanuni ya Kudumu ya 20, wabunge wa muungano wetu walikutana tarehe fulani mahali fulani na kuwachagua wafuatao... Nimeambatanisha minitsi za mkutano huo pamoja na orodha ya waliohudhuria."

Peleka kwa mkono ofisi ya Spika, nakala kwa Karani wa Bunge, nakala kwa Msajili wa Vyama. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Hiyo saa ni muhimu sana siku kambi nyingine ikipeleka barua yao pia, na huwa wanapeleka.

Hatua ya 9: Subiri Spika atangaze

Mpaka Spika asome mawasiliano yake ukumbini, mtu wenu asianze kukalia kiti cha mbele wala kuandika barua za kubadilisha wanakamati. Najua ni ngumu na mashabiki tayari wamechapisha mabango ya hongera. Vumilia.

Na kumtoa je?

Hapa watu wengi wanaanguka. Kumtoa kunataka wingi wa kura za wabunge wote wa upande wenu, si wa waliohudhuria. Mkiwa 157, nusu ni 78 na kitu, kwa hivyo unataka 79. Wakija 100 na 70 wakasema aende, hajaenda. Hesabu kabla hujaita mkutano, na hesabu watu waliosema ndiyo kwa mdomo wao, usihesabu wanaokunyamazia.

La pili, kuondolewa kwake hakuanzi kufanya kazi mpaka mchague mwingine. Kwa hivyo ajenda iwe na mambo mawili, kumwondoa fulani na kumchagua atakayechukua nafasi, kikao kilekile. Anayetolewa apewe nafasi ya kujitetea na maneno yake yaandikwe kwenye minitsi, hata kama yanauma.

La tatu ni la siasa zaidi. Machi 2018 maseneta wa muungano wa NASA walimtoa Wetang'ula kwenye uongozi wa wachache wakamweka James Orengo, na Wetang'ula hakuwa seneta tu, alikuwa kiongozi wa Ford Kenya na mmoja wa vinara wa muungano wenyewe. Hesabu bungeni ilitimia lakini muungano haukuwa uleule tena. Na tangu 2022 yeye ndiye Spika wa Bunge la Kitaifa, anayepokea hizo barua za upande wa wachache. Kabla ya kumtoa kiongozi wa chama mshirika, kaeni na chama chake kwanza.

Kiti kikibaki wazi kwa njia ya kawaida ni rahisi zaidi. Wandayi alipoingia baraza la mawaziri 2024 kushika wizara ya kawi, Junet Mohamed akatoka ukiranja akawa kiongozi wa wachache na Millie Odhiambo akawa kiranja. Mtu akipanda kutoka kiti kimoja kwenda kingine una viti viwili vya kujaza, viandike vyote kwenye notisi ileile.

Mambo yakikwama

Spika amerudisha barua. Uliza kwa maandishi kinachokosekana, usiende kwa vyombo vya habari kwanza. Mara nyingi ni minitsi hazikuambatanishwa, au barua imeandikwa na mtu ambaye si kiranja. Rekebisha, peleka tena na tarehe mpya, usibadilishe tarehe ya mkutano hata kidogo.

Kiranja ndiye anayetolewa na anakataa kuandika barua. Mkishamchagua mwingine kwenye kikao kilekile, mpya ndiye kiranja, yeye ndiye anaandika.

Kuna barua mbili kwa Spika. Yenye notisi, rejista na minitsi kamili ndiyo ina nafasi. Kama zote zinazo, hapo ujue mlikuwa na PG mbili, na swali litakuwa nani alikuwa na mamlaka ya kuita, rudi kwenye mkataba hatua ya 2.

Aliyeshindwa anataka kwenda korti. Mwambie aanze na kamati ya chama ya kusuluhisha mizozo, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, PPDT, ndipo Mahakama Kuu. Jopo huuliza kama ulijaribu ndani ya chama kwanza. Na nyinyi mlioshinda, korti ikitoa amri ya kusimamisha, simameni.

Kura zimelingana. Kanuni za chama zikiwa kimya, rudieni mara moja baada ya mapumziko ya saa 1. Zikilingana tena, ahirisheni hadi kesho. Kurusha shilingi msirushe.

Kwa Tanzania na Uganda

Tanzania anayetafutwa ni Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, KUB, na mnaita mnadhimu kile sisi tunaita kiranja. Kwanza uliza kama kambi yenyewe inawezekana, kwa sababu kanuni za Bunge zinataka angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote. Freeman Mbowe alikuwa KUB 2010 mpaka 2020, kabla yake Hamad Rashid Mohamed wa CUF, na tangu uchaguzi wa 2020 upinzani haujafikisha idadi hiyo. Kwa hivyo hatua ya 1 kwenu ndiyo nusu ya kazi. Ila hata mkiwa wabunge 10 bado mnaweza kuchagua kiongozi wenu wa ndani na mnadhimu, na mfanye kwa rejista na minitsi, ili siku idadi ikitimia utaratibu tayari upo.

Uganda, kiongozi wa upinzani hutoka chama cha upinzani chenye wabunge wengi zaidi. Desemba 2023 chama cha NUP kilimwondoa Mathias Mpuuga kikamweka Joel Ssenyonyi, na uamuzi ulitangazwa na uongozi wa chama. Kama uko huko na unataka wabunge wenyewe wapige kura, pa kuanzia ni kanuni za ndani za chama chako, kabla ya bunge jipya kuapishwa, maana wakishaapishwa kila mtu ana mgombea wake.

La mwisho, karatasi za kura. Usizichome usiku uleule. Ziweke kwenye bahasha, fungia kwa nta au gundi, mawakala wote wasaini juu ya mfuniko, na zikae kwa sefu ya sekretarieti mpaka Spika atangaze na muda wa rufaa ya ndani ya chama upite. Rejista yenyewe usiitupe kabisa, iweke miaka 5 yote ya bunge, kwa sababu mtu akija kutaka kumtoa kiranja mwaka wa 3 swali la kwanza litakuwa alichaguliwa na nani.